Kabati la Tatu

Chini kabisa, nyuma ya bomba la maji ya moto,
yalilala masanduku kumi na moja
ambayo katalogi iliyaita "Mengineyo".
Mengineyo: jina la kitu
ambacho hakuna aliyekuwa na subira ya kukitazama.

Biruta, mkuu wetu, alitaka maonyesho ya Februari
yawe ya vile vitabu vya ngozi na dhahabu
vinavyotolewa kila mwaka,
vimezoea kutazamwa kama maharusi.
"Kizuri chajiuza," akasema.
Nikamjibu: kizuri kilichofungiwa sandukuni
kitajiuzia panya.
Akacheka. Akanipa makabati matatu, ufunguo mmoja,
na siku tisa.

Sanduku la kwanza: gazeti lililogeuka unga.
Chini ya gazeti, Cēsis,
mji wetu wote juu ya ubao usiozidi sinia.
Barabara ni kamba ya katani iliyotiwa gundi,
mto ni shanga za kioo zilizopanga foleni,
kanisa ni msumari,
soko ni kipande cha ngozi ya kondoo,
na pale pa kuvukia reli
nywele za brashi, zinachoma kidole:
angalia, hapa pana hatari.

Seremala aitwaye Ģederts Ozolnieks
aliwachongea watoto wa shule ya vipofu
iliyofungwa kabla mama yangu hajazaliwa.
Ramani thelathini na nne.
Nyuma ya kila moja, kwa penseli,
jina la mtoto aliyeijaribu na kosa aliloligundua:
"Milda anasema daraja liko mbali mno."
"Eižens amepotea karibu na kiwanda cha bia. Rekebisha."
Akarekebisha. Alama ya patasi bado ipo.

Nilisugua vioo kwa siki. Niliandika vibao,
herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe,
nikavipanga sawasawa kama meno ya bandia.
Watu wakaja na theluji mabegani,
wakainama, wakasema "Ajabu!",
wakaenda kwenye chai.
Nikajiona nimefika.

Siku ya nne akaingia bibi mwenye fimbo nyeupe.
Alisema jina lake, Skaidrīte,
kama mwanafunzi anayeitika darasani.
Habari aliisikia redioni.
Akasimama mbele ya kabati la tatu,
akaweka viganja vyote viwili juu ya kioo,
akavitembeza ukingo hadi ukingo.
"Laini," akasema. "Mji wenu ni laini sana.
Na baridi."

Kuna aibu inayopanda kama maziwa jikoni,
ukigeuka tu, imeshamwagika.
Kitu kilichochongwa kisihitaji macho
nilikuwa nimewawekea wenye macho,
na mwenyewe nikamfungia nje
kwa kioo nilichokisugua mimi.

Biruta alikuwa nyuma yangu. Nilingoja aanze:
unyevu, mafuta ya vidole, bima.
Akasema, "Ufunguo unao wewe."

Kidole cha Skaidrīte kiliingia mjini kwa stesheni.
Kilipanda kamba, kikahesabu shanga,
kikaruka nyuma kwenye zile nywele za brashi,
akacheka peke yake.
Kwenye kiwanda cha bia kikasita,
kikazunguka, kikazunguka tena.
"Hapa ndipo alipopotea."
Na mimi sijamsomea bado maandishi ya nyuma.
"Baba hakuonja bia maisha yake yote," akasema.
"Alisema ilishampoteza mara moja,
tena kabla hajainywa."

Kabati la tatu sasa halina kioo.
Shanga mbili zimeng'oka, moja tumeipata.
Kabla hajaondoka aligonga ile ngozi ya kondoo
kwa ukucha, kama anayebisha hodi:
soko, akasema, lilihamia ng'ambo miaka mingi.
Niligeuza ubao, nikachonga penseli,
nikaandika chini ya mwandiko wa Ģederts:
"Skaidrīte anasema soko limehama. Rekebisha."

Sijarekebisha.
Ninatafuta ngozi.